Niliandika Kipindupindu

Kipindupindu humkausha mtu. Macho huzama, ngozi ya tumbo ukiifinya hubaki imesimama, ulimi hukauka, na moyo hukimbia kwa sababu damu imepungua ndani ya mishipa. Hayo nilifundishwa chuoni, nikawafundisha wanafunzi waliokuja kwangu kwa mazoezi, na nikayaona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Lakini mtu niliyemwandikia kipindupindu mwishoni mwa mwaka 2015 alikuwa ameloa. Mate yalimtiririka hadi kwenye kola ya shati. Machozi yalimtoka na hakuwa analia. Jasho, kamasi, haja kubwa, haja ndogo, vyote vilitoka kwa pamoja. Mapigo ya moyo niliyahesabu mwenyewe nikapata 48 kwa dakika. Nikayaandika kwenye karatasi, nikaendelea kumtundikia dripu.

Nilikuwa mganga mfawidhi wa zahanati moja kaskazini mwa Mlima Meru, huko ambako maji ya mfereji na udongo wa volkano vimewafanya watu kuwa wakulima wa nyanya. Zahanati sitaitaja, maana waliopo leo hawahusiki. Jina la marehemu silitaji pia. Watu wake wanajua ninamsema nani, na wamekubali nilisimulie jambo hili. Mimi nimestaafu. Ninayoandika hapa nilipaswa kuyaandika usiku ule ule, kwenye kitabu cha MTUHA, cha kumbukumbu za wagonjwa, kilichokuwa mezani kwangu, kalamu ikiwa mkononi.

Msomaji asiyeukumbuka mwaka ule nimkumbushe. Kipindupindu kililipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikasambaa mikoa mingi. Sisi wa zahanati tulipewa ndoo, klorini, chupa za dripu ya Ringa, na maagizo: anayehara maji na kutapika ahesabiwe mshukiwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Agizo lilikuwa sahihi. Kituo kilichochelewa kutoa taarifa kilikuwa na mengi ya kujibu wilayani. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikimsubiri mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu, na unapomsubiri mtu kwa hamu kiasi hicho, yeyote atakayebisha hodi atafanana naye.

Msimu huo huo wakulima walikuwa na msiba wao. Kantangaze alikuwa ameingia nchini mwaka 2014. Ni nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, ambako dawa haimfikii vizuri. Shamba la nyanya lililopendeza Jumatatu linaweza kuonekana kama limepitiwa na moto baada ya majuma machache. Aliyekopa pembejeo hana muda wa kusoma kibandiko cha chupa chenye herufi ndogo. Walichanganya dawa mbili, tatu, katika bomba moja, wakapulizia tena na tena. Miongoni mwa zilizotumika sana ni zenye kiini cha profenofosi, moja ya kemikali za jamii ya oganofosfeti. Bomba la mgongoni likishachakaa, mfuniko hulegea na mpira hupasuka, na kila hatua anayopiga mpuliziaji inamwagia kidogo mgongoni. Jua likiwa kali shati linakauka. Kwa hiyo haoni neno, anajaza maji, anarudi kwenye matuta.

Yeye aliletwa jioni kwa bodaboda, mkewe nyuma yake akimshikilia asianguke. Niliuliza maswali niliyoandaliwa kuuliza. Ameanza lini? Leo mchana. Ameharisha mara ngapi? Hawezi kuhesabu. Amekula nini?

"Maziwa tu," mkewe akajibu. "Nimempa maziwa."

Nikaandika: maziwa. Chanzo kinachoshukiwa, maziwa yasiyochemshwa. Yule mama hakusema hayakuchemshwa. Nililiongeza mimi, kwa sababu lilikaa vizuri kwenye fomu. Na sikuuliza kwa nini mtu anayetapika apewe maziwa, ilhali nimezaliwa na kukulia nchi hii, na hakuna nyumba ninayoijua ambayo maziwa hayatolewi kwa mtu aliyeingiwa na sumu. Mama yule alikuwa ameshatambua ugonjwa na ameshaanza tiba anayoijua. Nilikuwa mtu wa pili kumwona mgonjwa, na nilijua kidogo kuliko wa kwanza.

Kila dalili niliipatia nafasi katika kipindupindu changu. Misuli ya mapaja ilikuwa inachezacheza chini ya ngozi, vijimtetemo vidogo vinavyohama kutoka hapa kwenda pale. Nikasema ni mkakamao wa misuli kwa upungufu wa chumvi. Jasho, nikasema ni homa. Kuhema kwa shida, nikasema ni udhaifu. Mate sikuyasemea kitu. Mboni za macho sikuzitazama kabisa, na tochi ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Ningezimulika ningeziona zimesinyaa zikawa vitone, na hapo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesimama.

Nieleze basi kilichokuwa kikiendelea mwilini mwake. Mishipa ya fahamu huzungumza na misuli na tezi kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi huivunja kemikali hiyo papo hapo, na msuli ukapumzika, tezi ikanyamaza. Oganofosfeti huinata kolinesterasi na kuizuia isifanye kazi. Asetilikolini inarundikana, na mwili unakuwa kama nyumba ambayo koki zote zimekatika siku moja: macho, pua, mdomo, tumbo, kibofu, na kibaya kuliko vyote, mapafu. Njia za hewa hubana na kujaa ute. Wakati huo huo misuli inayopokea amri bila kikomo hutetemeka, kisha huchoka na kulegea, ikiwemo ya kupumulia. Moyo mara nyingi hupunguza mwendo, ingawa kwa wengine hukimbia, kwa hiyo mapigo peke yake hayatoshi kumtambua mgonjwa. Kinachotosha ni kuyaona mambo kwa pamoja: mate mengi, mboni ndogo, jasho, kifua chenye maji, misuli inayochezacheza, na mtu aliyetoka shambani.

Huyo ndiye niliyemfungulia dripu mbili zikimbie. Nilikuwa ninaongeza maji kwa mtu aliyekuwa anazama.

Tulikuwa na mhudumu wa afya, mama wa makamo, hakuwa amesomea udaktari wala unesi. Alikuwa akifuta sakafu kwa klorini, na harufu ya klorini ilikuwa imetawala chumba kiasi kwamba pua yangu haikupata kingine. Alipoinama kumfunika mgonjwa blanketi, kwa sababu kule jioni ni baridi na mtu alikuwa anatetemeka, akainuka akaniambia:

"Daktari, hili shati linanuka dawa ya nyanya."

Nilimjibu hivi, na sijabadilisha neno: "Kila mwanamume wa kijiji hiki ananuka dawa ya nyanya."

Ilikuwa kweli, tena kweli iliyopaswa kunishtua. Badala yake ikanituliza. Shati likabaki mwilini, limelowa kuanzia mabegani hadi kiunoni, na mimi nikiamini ni jasho. Juu ya shati tukaweka blanketi. Ngozi yenye joto na unyevu hufyonza oganofosfeti kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo kila dakika aliyolala kwenye kitanda changu, sumu iliendelea kuingia, tukiwa tumeifunika isipotee.

Nilipostaafu nikapata muda wa kusoma, nikakutana na habari ya Tokyo. Tarehe 20 Machi 1995 wafuasi wa kikundi cha Aum Shinrikyo waliachia sarini ndani ya treni za chini ya ardhi. Sarini ni ndugu wa damu wa dawa za nyanya. Sumu kali za jamii hiyo ziligunduliwa Ujerumani miaka ya 1930 na mkemia Gerhard Schrader, aliyekuwa akitafuta dawa ya wadudu. Baada ya kupata tabuni mwaka 1936, yeye na msaidizi wake walianza kubanwa kifua na kuona giza kwa sababu mboni zao zilisinyaa. Jeshi likazichukua zile kali kupita kiasi, mashamba yakapata zilizo dhaifu zaidi. Siku ile ya Tokyo, hospitali ya St. Luke's ilipokea wagonjwa zaidi ya 600. Waliwapokea na nguo zao, wakawaingiza ndani, na hewa haikuwa ya kutosha. Karibu robo ya wafanyakazi wa hospitali waliohojiwa baadaye walikuwa wameugua: macho kuuma, kuona ukungu, kichwa, kichefuchefu. Sumu ilitoka kwenye nguo za wagonjwa ikawafuata wauguzi.

Niliposoma hayo kwanza nilifarijika, na faraja hiyo nayo ninaiungama. Nilisema moyoni: hata wao, kwenye jiji lile, na vifaa vile. Kisha nikatambua kwamba nimeyajua haya kwa sababu wao waliyaandika. Walihesabu wauguzi wao walioumia, wakachapisha, na leo mafunzo ya dharura ya sumu hizi husisitiza nguo: mvue mgonjwa zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele na chini ya kucha pia, na wewe uvae glovu. Mimi niliandika nini?

Turudi kitandani. Saa mbili usiku hivi alianza kutoa povu mdomoni na puani. Nikaweka kipimo kifuani, nikasikia maji yakichemka pande zote mbili. Hapo ndipo nilipotoa tochi. Mboni zilikuwa vitone. Nikamwita yule mhudumu, tukamvua shati, tukamwosha, na mkewe aliyekuwa amemkumbatia njia nzima juu ya bodaboda akaanza kulalamika kichwa na kwamba taa anaziona zina ukungu.

Kabatini kulikuwa na ampuli chache za atropini, miligramu moja kila moja. Atropini hufunga milango ambayo asetilikolini hupitia kwenye tezi, moyo na njia za hewa. Haiiondoi sumu, lakini hukausha mapafu mtu apate kupumua. Nilichoma ya kwanza. Mapigo yakapanda. Nikachoma ya pili, yakafika 90 na kitu. Nikaacha.

Niliacha kwa woga. Chuoni tulifundishwa sana madhara ya atropini: mdomo kukauka, moyo kwenda mbio, mtu kupayuka. Nikaona moyo unakimbia nikadhani tumeshafika. Kumbe sikupaswa kutazama moyo pekee, nilipaswa kusikiliza kifua, na kifua bado kilikuwa kinachemka. Utaratibu ambao madaktari waliufanyia kazi sana Sri Lanka, nchi iliyowahi kuzika wakulima wengi kwa sumu hizi, ni kuanza na miligramu moja hadi tatu kwa mtu mzima, kisha kila baada ya dakika tano kurudufisha dozi mpaka kifua kikauke, makwapa yakauke, mapigo yazidi 80 na shinikizo la juu la damu lizidi 80. Moyo kwenda mbio si sababu ya kusimama ikiwa mapafu yamejaa. Mgonjwa mmoja anaweza kumaliza makumi ya miligramu, ndiyo maana ampuli chache za zahanati ni za kumfikisha hospitali tu. Nilikuwa nazo nyingine. Niliziacha kabatini, nikijiambia ni akiba.

Zipo tiba nyingine ambazo zahanati haina. Oksijeni kwanza. Daiazepamu mtu akipatwa na degedege. Pralidoksimu, ambayo kazi yake ni kuibandua kolinesterasi kutoka kwenye sumu, lakini inataka kuwahi, kwa sababu kifungo hicho kikikaa hukomaa na hakifunguki tena. Na hata ikiwahi madaktari hawakubaliani nayo wote, kwa kuwa jaribio la Sri Lanka lililochapishwa mwaka 2009 halikuonyesha kwamba iliokoa maisha. Na hata mgonjwa akiamka na kuzungumza, hatari haijaisha. Mwaka 1987 madaktari wawili wa Sri Lanka, Senanayake na Karalliedde, walieleza hali inayokuja kati ya siku ya kwanza na ya nne: mate yamekauka, ndugu wanashukuru Mungu, halafu mgonjwa anashindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Shingo ikilegea, misuli ya kupumulia iko njiani kulegea, na hapo panahitajika mashine ya kupumulia. Kwa hiyo aliyelewa dawa haruhusiwi kurudi nyumbani kwa sababu tu ameamka anaomba chai.

Mgonjwa wangu hakufika huko. Gari lilikuja limechelewa, likaondoka naye na mkewe, na alifariki kabla ya kufika hospitali.

Mpaka hapa ni makosa ya mtu aliyekosea. Waganga wengi wana usiku wa namna hiyo, na nadhani msomaji angenisamehe. Yaliyofuata niliyafanya nikiwa na akili timamu, na ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika.

Fomu ya rufaa ilikuwa imekwenda na gari, imeandikwa kipindupindu, niliijaza kabla ya povu. Nilikuwa na simu. Nilikuwa na namba ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Sikupiga. Nilikaa mezani nikawaza: nikisema ni sumu, nitaulizwa kwa nini alikaa na shati saa mbili nzima. Nikisema ni kipindupindu, hakuna atakayeniuliza kitu, watanishukuru kwa kutoa taarifa mapema. Nikachukua leja ya dawa, mbele ya ampuli mbili za atropini nikaandika: zimevunjika. Kwenye kitabu cha MTUHA nikaacha mstari kama ulivyo.

Asubuhi bwana afya alikuja. Maiti ilizikwa kwa utaratibu wa kipindupindu, ndugu hawakuruhusiwa kuiosha. Mkewe alikuwa na kibanda cha chai na maandazi karibu na mnada, kikafungwa. Maziwa yake yakapigwa marufuku. Yeye mwenyewe aliletwa kwangu kama mtu aliyekutana na mgonjwa, nikampa doksisaiklini, nikammulika macho. Mboni zilikuwa ndogo. Nilijua ni nini na sikumwambia. Bahati yake sumu iliyompata ilikuwa kidogo, ikaisha yenyewe. Nikamwambia achome nguo zote za marehemu alizovaa siku ile. Aliuliza kwa nini. Nikasema, kwa ajili ya vijidudu.

Akachoma shati na suruali. Koti hakulichoma, lilikuwa zuri, akampa shemeji yake, mdogo wa marehemu, pamoja na bomba. Msimu uliofuata yule kijana alikuja kwangu mara kwa mara, kila baada ya kupulizia, kichwa kinamwuma na tumbo linamkata. Nikamwambia abadilishe bomba na asivae koti lile shambani. Sababu sikumpa. Yeye anaishi, na sijui kama ni kwa ushauri wangu au kwa sababu alihamia kwenye vitunguu.

Majibu ya maabara yalirudi baada ya siku kadhaa: vimelea vya kipindupindu havikuota. Karatasi ililetwa kwangu kwa mkono. Ningeweza kuibandika ubaoni, kibanda kingefunguliwa siku ile ile. Niliiweka kwenye droo.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilinirahisishia. Woga, ndiyo. Lakini pia nilijua kwamba kipindupindu kina fomu yake, kina simu yake, kina gari lake, na mkulima aliyekufa kwa dawa ya shambani hana safu kwenye mawazo ya mtu yeyote, nami nikiwemo. Miaka yote niliyofanya kazi kule niliwatibu watu waliolewa dawa nikawaandika malaria, vidonda vya tumbo, uchovu. Ukiangalia vitabu vyangu utasema kijiji kile hakijawahi kuona sumu. Mtu wa takwimu akija kutafuta ni wangapi, kitabu kitamjibu hakuna, na mwandiko ni wangu.

Julai 2013 huko Bihar, India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yenye monokrotofosi, oganofosfeti nyingine. Taarifa za wakati ule zilisema mpishi alikuwa ameyatilia shaka mafuta yale, rangi na harufu yake, akaambiwa yako sawa apike. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mhudumu wangu. Nilimtafuta. Alikumbuka shati, alikumbuka na jibu langu. Akasema aliporudi nyumbani usiku ule alioga mara mbili na kuziloweka nguo zake kwa sabuni, maana alikulia shambani na baba yake alikuwa akifanya hivyo kila akitoka kupulizia mibuni. Nilimwuliza kwa nini hakunisisitizia. Alinitazama tu.

Kwa mjane nilichelewa zaidi. Nilikwenda nikiwa nimeshastaafu, na karatasi ya maabara mfukoni. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea kiti nje, akaniletea chai. Nikamweleza yote kwa mpangilio: mate, mapigo, shati, ampuli, leja, droo. Nilitegemea alie au anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Na maziwa?"

"Maziwa hayakuwa na kitu, mama. Hayakuweza kumponya, lakini hayakumdhuru."

"Niliyachemsha," akasema. "Siku ile nilikwambia nimempa maziwa kwa sababu alikuja analewalewa, anasema dawa imempanda. Nilitaka uulize. Halafu bwana afya akaja na karatasi akasema maziwa yangu ndiyo yamemuua. Nikasema labda sufuria haikuchemka. Labda kikombe." Akanyamaza kidogo. "Ng'ombe nikamuuza."

Mama mkwe wake hakuwa ameongea naye vizuri tangu msiba. Kwa miaka hiyo yote, katika boma lile, yeye ndiye aliyemuua mume wake kwa uchafu wa mkono wake, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini. Mimi niliandika neno moja la ziada kwenye fomu ili safu isibaki wazi.

Mjane aliniambia nimalize chai, twende kwa bibi, huyo mama mkwe wake. Nilikuwa nimeshamwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya barua ya kukiri, nikadhani hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ngumu. Kwa bibi nilianza tena kuhadithia, kwa Kiswahili, na mjane akimtafsiria kwa Kimeru pale nilipokwenda mbio. Bibi alitaka kuiona karatasi ya maabara ingawa hasomi. Akaishika, akaigeuza, akamrudishia mkwewe badala ya kunirudishia mimi.

"Kwa nini hukusema siku ya mazishi?" akaniuliza.

"Niliogopa kupoteza kazi, bibi."

"Hukuipoteza?"

"Hapana."

"Na kiinua mgongo umepata?"

"Nimepata."

Akatikisa kichwa, hakuniuliza tena kitu. Akamgeukia mkwewe, wakaanza kuongea kwa lugha yao, na nilichoambulia ni kwamba walikuwa wanazungumzia yule ng'ombe, aliuzwa kwa nani na kwa bei gani.